Gharama ya Jengo: Kujua Kwanza, Kutaja Baadaye

Ndugu msomaji, katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalogusa kila nyumba na kila mtaa wa kanisa, nalo ni makadirio ya gharama za ujenzi. Nani kati yetu hajaona nyumba iliyosimama kwenye lenta mwaka wa tano sasa, nyasi zikiota sebuleni? Nani hajaona darasa au ukumbi ambao matofali yake yamepigwa na mvua hata yakaota ukungu, kwa kuwa fedha zilikwisha kabla ya paa? Mara nyingi watu husema, "Fedha zililiwa." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi hakuna aliyekula kitu; fedha zilikuwa chache tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyejua.

Msomaji wa gazeti hili anaukumbuka mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, katika Injili ya Luka, sura ya 14. Mtu yule ashauriwa kuketi kwanza na kuhesabu. Basi sisi leo tutauliza swali la kimwalimu: akiisha kuketi, ahesabu nini? Atapata wapi namba za kuhesabu? Na je, watu wawili wakiketi kuhesabu mnara mmoja, kwa nini wapate jumla mbili zilizo mbali kama Tanga na Tabora?

Jibu letu ni fupi, na somo lote ni maelezo yake: makadirio hutegemea vitu viwili, yaani habari zilizopo siku ya kukadiria, na ujuzi wa yule anayezitumia. Habari zikipungua, jumla huyumba. Ujuzi ukipungua, hata habari nzuri hupita machoni bila kuonekana.

1. Hesabu moja, majibu matatu

Hebu tuchukue kalamu na karatasi. Tuseme kamati imeamua kujenga chumba kimoja cha darasa, chenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 6. Kuta zina kimo cha mita 3. Kuna mlango mmoja na madirisha manne. Wajumbe wanataka kujua matofali ya saruji ya kununua.

Mzingo wa chumba ni mita 30. Tukizidisha kwa kimo cha mita 3 twapata mita za mraba 90 za ukuta. Mlango wa mita 1 kwa mita 2.1 huondoa mita za mraba 2.1. Madirisha manne, kila moja mita 1.5 kwa mita 1.2, huondoa mita za mraba 7.2. Zinabaki 80.7. Tofali la kawaida la inchi 18 kwa inchi 9, likijengwa pamoja na udongo wake wa saruji, huingia 9 katika mita moja ya mraba. Nasi twahesabu 10 kwa ajili ya yatakayovunjika njiani na yatakayokatwa. Jumla ni matofali 807.

Mjumbe wa kwanza akiishia hapo, atasema, "Ni matofali 807." Hesabu yake ni sahihi kabisa.

Mjumbe wa pili auliza, "Paa litakuwa la namna gani?" Aambiwa litakuwa na miteremko miwili. Basi ajua kwamba kuta mbili fupi zitapanda juu mithili ya pembetatu. Kitako cha kila pembetatu ni mita 6, na kimo chake tuseme mita 1.5. Kila moja ni mita za mraba 4.5, zote mbili ni 9, nazo zataka matofali 90. Halafu akumbuka ukuta wa msingi ulio chini ya sakafu. Akiuweka mita 0.6, twapata mita za mraba 18, yaani matofali 180. Jumla yake ni 1,077.

Mjumbe wa tatu ni mwashi mzee. Yeye hakuanza na karatasi; alikwenda kiwanjani akachimba shimo. Alikuta udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Asema msingi hauwezi kusimama juu ya udongo huo. Sharti ushuke mpaka kwenye ardhi ngumu, na katika kiwanja hiki ni kina cha mita 1.5. Basi ukuta wa msingi ni mita za mraba 45, matofali 450 badala ya 180. Jumla yake ni 1,347. Tena aonya kwamba huenda nondo na zege la msingi vikaongezeka, na kwamba kabla ya kuchimba ni vizuri kumwuliza mhandisi.

Tazama sasa. Tuna majibu matatu: 807, 1,077 na 1,347. Wote watatu walizidisha na kujumlisha sawasawa, na mwalimu wa hesabu angewapa wote alama ya vema. Tofauti imetoka katika umbo la paa, ukuta wa msingi uliosahauliwa, na aina ya udongo. Habari ya paa ilipatikana kwa kuuliza, ya udongo kwa kuchimba. Na mtu asiye na ujuzi hauulizi udongo, kwa kuwa hajui kwamba udongo una bei.

Tuchukue na sakafu. Jamvi la zege la unene wa sentimita 10 katika chumba hiki ni mita za ujazo 5.4. Kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, mita moja ya ujazo hula mifuko kama 6 na robo ya kilo 50, basi twahitaji mifuko 34 hivi. Lakini ikiwa chini hapakusawazishwa vema, na unene ukawa sentimita 12, zege litakuwa mita za ujazo 6.48 na mifuko itapita 40. Sentimita mbili zimekula mifuko sita na zaidi. Mwenye kujua jambo hili husimamia usawazishaji wa kifusi kama mlinzi wa benki.

2. Reli iliyokadiriwa mara tatu

Yale yanayotokea katika chumba kimoja hutokea pia katika kazi kubwa za serikali. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano unaojulikana, nao ni reli ya kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, iliyoitwa Reli ya Uganda.

Mwaka 1891 na 1892 Kapteni J. R. L. Macdonald na wenzake walipita kwa miguu wakipima njia. Walirudi na makadirio ya reli ya maili 657, kwa paundi 2,240,000. Msafara wao ulikuwa wa kupitia haraka. Hawakupata nafasi ya kupima kila bonde na kila kilima. Mwaka 1895 kamati iliyokaa London iliangalia karatasi hizo, ikatoa makadirio ya chini zaidi: paundi 1,755,000. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza likaidhinisha paundi milioni 3, na kazi ikaanza Mombasa mwaka huohuo chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Njia yenyewe ilifupishwa, ikawa maili 580 hivi badala ya 657. Kwa hiyo mtu angetazamia gharama ishuke. Haikushuka, ilifika karibu paundi milioni 5 na nusu. Kwa kila maili, makadirio ya kwanza yalisema paundi 3,400 hivi, na gharama ya kweli ilikuwa paundi 9,400 hivi.

Ni nini kilichokosekana? Tutaje machache. Katika nyika ya Taru hakukuwa na maji, ikabidi maji ya wafanyakazi yapelekwe kwa treni. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na kila mmoja alikuwa na nauli, chakula na matibabu. Wapatao 2,500 walifariki. Mwaka 1898 simba wa Tsavo walisimamisha kazi ya daraja. Mgogoro wa viwanda vya uhandisi Uingereza, mwaka 1897 na 1898, ulichelewesha injini. Tena kulikuwa na mteremko mkali wa kuingia Bonde la Ufa, ambako kwanza mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma, na milima ya Mau, iliyohitaji madaraja marefu ya chuma 27.

Sasa tutenganishe mambo haya kama mwalimu atenganishavyo nomino na vitenzi. Yako mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyajua mwaka 1892: simba, na mgogoro wa wafanyakazi wa Uingereza. Kwa hayo dawa ni akiba. Yako mambo ambayo yangejulikana kama watu wangepewa muda wa kupima: mabonde ya Mau na mteremko wa Bonde la Ufa. Kwa hayo dawa ni kuchunguza zaidi kabla ya kutaja bei. Na yako mambo ambayo wenyeji waliyajua tangu zamani. Wapagazi wa misafara ya pwani waliijua Taru na kiu yake. Waliomlisha ng'ombe walijua mbung'o anaishi wapi. Habari hizo zilikuwako, ila hazikuwa zimeandikwa katika kitabu cha hesabu kilichokuwa mezani London. Kwa hayo dawa ni kuuliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Angalieni pia ile kamati ya 1895. Hatusomi kwamba ardhi ilikuwa imelainika tangu 1892. Namba ilishuka. Hapo ndipo pa kuogopa. Bei ikishuka bila habari mpya kuingia, basi kilichobadilika ni matumaini ya watu tu.

3. Wataalamu wakubwa, michoro isiyokwisha

Mtu aweza kusema, "Hao walikuwa watu wa zamani. Siku hizi kuna wataalamu." Haya, tuwaangalie wataalamu wa karne ya 20 katika nchi tajiri. Huko Sydney, Australia, mwaka 1957, mbunifu Jørn Utzon wa Denmark alishinda mashindano ya kubuni jumba la muziki. Gharama ilikadiriwa paundi za Australia milioni 3.5, sawa na dola milioni 7 kwa fedha waliyoanza kuitumia mwaka 1966. Lilitazamiwa kukamilika Januari 1963.

Wahandisi wake, Ove Arup na wenzake, walikuwa miongoni mwa wahandisi waliosifika sana duniani. Ujuzi haukukosekana. Lakini michoro ya mashindano ilikuwa ya kuonyesha wazo tu. Kazi ilianza Machi 1959, kwa kuwa serikali ya jimbo ilitaka ianze mapema, na wakati huo hakuna aliyejua paa lile lenye maumbo kama matanga litajengwaje. Walitafuta njia miaka kadhaa. Jawabu lilipopatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa chini hazikutosha kuubeba uzito, ikabidi ziimarishwe upya. Matumizi ya kumbi nayo yakabadilishwa katikati ya kazi. Utzon alijiuzulu mwaka 1966. Jumba likafunguliwa Oktoba 1973, miaka 10 baada ya wakati, kwa dola milioni 102.

Jumba lile leo ni fahari ya nchi ile, na mwaka 2007 liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo hatusemi lisingejengwa. Twasema kwamba ile namba ya 1957 haikuwa bei ya jumba lile, maana jumba lile lilikuwa bado halijabuniwa. Ilikuwa bei ya mchoro wa mwanzo. Mtaalamu aliye hodari kuliko wote hawezi kuhesabu matofali ya ukuta ambao bado haujaamuliwa.

4. Ujuzi hufanya kazi gani?

Basi kama habari ndiyo kila kitu, mtaalamu wa nini? Tungeweza kungojea habari zote zikamilike, halafu mtoto wa darasa la saba akajumlisha. Lakini habari zote hukamilika siku ile rangi ya mwisho inapokauka, na siku hiyo makadirio hayana kazi tena. Sisi twataka kujua mapema. Hapo ndipo ujuzi unapoonyesha thamani yake.

Mwaka 1985 Martin Skitmore wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, alitoa uchunguzi juu ya jambo hili. Wakadiriaji wa majengo walipewa habari za majengo ambayo bei zake zilikwisha kujulikana, wakipewa habari moja baada ya nyingine, na kila mara wakakadiria upya. Ilionekana kwamba habari zilipoongezeka, makadirio yalisogea karibu na bei ya kweli. Lakini ilionekana pia kwamba wale waliobobea waliikaribia bei ile kwa habari chache kuliko wenzao.

Wanafanyaje? Sisi tuliofundisha ualimu miaka mingi twalitambua jambo hili. Mwalimu mzoefu akiingia darasani dakika tano ajua ni nani hakufahamu, wakati mwanafunzi wa ualimu aliye katika mazoezi aona vichwa arobaini vinavyofanana. Wote waangalia darasa moja, ila mmoja ana madarasa mengi ya nyuma ya kulinganisha. Kadhalika mkadiriaji mzoefu akitajiwa "darasa la mita 9 kwa 6, kijiji kiko kilometa 40 kutoka barabara kuu," tayari amekwisha kukumbuka majengo matano ya namna hiyo na jinsi kila moja lilivyoishia. Tena ajua sehemu zipi ndizo zinazokula fedha: msingi, zege, paa. Hapotezi siku nzima kubishana juu ya bei ya bawaba.

Lakini kazi yake kubwa zaidi ni kutambua yale ambayo hakuambiwa. Hatuwezi kuorodhesha yote, ila haya ni baadhi ya maswali ambayo fundi wa kweli atayauliza kabla ya kutaja namba:

(a) Udongo ni wa namna gani, na nani ameuchimba kuuona?
(b) Kiwanja kimelala au kimeteremka? Mteremko huongeza ukuta wa msingi na kifusi upande wa chini.
(c) Maji ya kujengea yatatoka wapi, na ndoo itauzwaje wakati wa kiangazi?
(d) Mchanga na kokoto viko umbali gani? Je, lori litafika wakati wa mvua?
(e) Kazi itaanza lini na kwisha lini? Bei ya saruji ya leo siyo ya mwaka ujao.
(f) Jengo litatumiwa kwa nini? Ukumbi usio na nguzo katikati wataka kenchi nzito kuliko vyumba vidogo.
(g) Kibali, michoro, choo, umeme na uzio vimo katika namba au havimo?

Ndugu msomaji, ukimwuliza mtu, "Fundi, itatugharimu kiasi gani?" naye akakujibu palepale, "Mzee, milioni kumi zinatosha," bila kukuuliza hata swali moja kati ya hayo, basi ujue hujapewa makadirio. Umepewa neno la kukufurahisha.

5. Ujuzi bila uaminifu

Liko jambo la tatu ambalo si habari wala ujuzi, nalo laweza kuviharibu vyote viwili. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa miradi 258 ya usafiri, yaani reli, barabara, madaraja na mahandaki, katika nchi 20. Katika kila miradi 10, 9 iligharimu kuliko ilivyokadiriwa. Reli zilizidi kwa wastani wa asilimia 45, barabara kwa asilimia 20.

Kama kosa lingekuwa la bahati tu, wakadiriaji wangekosea juu na chini, leo kuzidisha na kesho kupunguza, kama mtu anayetupa shilingi hewani. Lakini hawa walikosea karibu wote upande mmoja. Waandishi wale walisema kwamba sababu haikuwa ujinga. Makadirio yalipunguzwa ili miradi ikubaliwe.

Na sisi, je? Katika kamati zetu ndogo si mara moja tumesikia mjumbe akisema, "Tukiwatajia watu namba yote watakata tamaa. Tutaje nusu, wakisha kuona kuta watatoa tu." Huenda ana nia njema. Lakini atafakari ni fedha ya nani. Mama aliyeuza kuku wawili akaleta mchango alifanya hesabu yake nyumbani, akaona anaweza kutoa kiasi hicho mara moja. Akiitwa mara ya pili na ya tatu kwa jengo lilelile, hatauliza bei ya saruji. Atauliza kama viongozi wake ni wakweli. Ukuta uliosimama waweza kuendelezwa mwaka mwingine. Imani ya watu ikisimama, kuiendeleza ni kazi kubwa.

Kwa hiyo mweka hazina asiogope namba kubwa iliyo ya kweli. Afadhali watu waseme, "Hatuwezi ukumbi, tujenge chumba kimoja na tukimalize," kuliko kuanza ukumbi kwa namba ya kubembeleza.

6. Tufanyeje?

Sasa tukusanye somo letu katika hatua ambazo kamati ya jengo, au baba na mama wanaojenga nyumba yao, waweza kuzifuata.

Kwanza, amueni matumizi ya jengo kabla ya kuuliza bei. Mabadiliko yaliyo kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Mabadiliko yaliyo kwenye ukuta hufutwa kwa nyundo na fedha.

Pili, chimbeni mashimo ya majaribio, mawili au matatu, katika pembe mbalimbali za kiwanja. Kazi ya kibarua wa siku moja yaweza kuwaambia habari ya gharama kubwa kuliko zote.

Tatu, pateni mchoro uliokamilika, wenye vipimo. Kutokana na mchoro huo itengenezwe orodha ya vifaa na vipimo vyake: kila kitu, kiasi chake, bei ya kimoja, na jumla. Bei ya kila kitu iandikiwe mahali ilipoulizwa na tarehe.

Nne, kama jengo ni kubwa, tafuteni mkadiriaji majenzi. Hapa Tanzania watu wa kazi hiyo huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya sheria ya mwaka 2010. Haki yenu ni kumwuliza mtu kama ameandikishwa. Wengi huona ada yake ni ghali. Walinganishe ada hiyo na gharama ya msingi uliojengwa mara mbili.

Tano, wekeni akiba ya dharura, na kiasi chake kifuate yale msiyoyajua. Wataalamu wa chama cha AACE International, chenye makao Marekani, huyagawa makadirio katika madaraja matano kufuata habari zilizopo. Kwa ujenzi wa viwanda wasema kwamba makadirio ya daraja la mwanzo kabisa, yaliyofanywa mchoro ukiwa bado, yaweza kuzidiwa na gharama ya kweli kwa asilimia 30 hata 100. Yale ya mwisho, michoro ikiwa imekamilika, kwa asilimia 3 hata 15. Viwanda si madarasa, lakini kanuni ni moja: ujinga ukiwa mkubwa, akiba nayo iwe kubwa. Kila habari mpya ikiingia, akiba yaweza kupunguzwa.

Sita, kila makadirio yaandikiwe mambo manne juu ya karatasi: yamefanywa na nani, tarehe gani, kwa kujua nini, na bila kujua nini. Hilo la nne ndilo husahauliwa. Kama msingi haujachimbwa, andikeni, "Udongo haujachunguzwa." Maneno hayo mawili yatazuia ugomvi wa miaka mitatu.

Saba, jengo likiisha, fungeni daftari. Andikeni kila kifaa kilikadiriwa kiasi gani na kilitumika kiasi gani, na sababu ya tofauti. Halafu lihifadhiwe mahali pasipo mchwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao hupotea vivyo hivyo. Mtaa wenye madaftari ya majengo matatu una utajiri ambao hakuna mgeni awezaye kuwauzia. Kamati itakayokuja baada yenu haitaanza kubahatisha upya. Itakuwa na reli iliyokwisha kujengwa ya kulinganisha nayo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Rudieni hesabu ya darasa letu, lakini kimo cha ukuta kiwe mita 2.7 na paa lisiwe na kuta za pembetatu. Msingi uwe wa mita 1. Je, ni matofali mangapi?

2. Tajeni jengo moja katika mtaa wenu ambalo halijakamilika. Bila kumlaumu mtu, orodhesheni habari ambazo hazikujulikana siku ya kukadiria. Zipi zingejulikana kwa kuuliza? Zipi kwa kuchimba na kupima? Zipi hakuna mtu angeweza kuzijua?

3. Nani katika kijiji chenu anaujua udongo kuliko wote? Je, amewahi kualikwa katika kamati ya jengo?

4. Mjumbe akipendekeza kutaja nusu ya gharama ili watu wasikate tamaa, mtamjibuje kwa upole na kwa kweli?

Jibu la swali la kwanza ni matofali 1,017. Mkipata namba nyingine msikate tamaa. Tazameni kwanza kama mlikumbuka kutoa mlango na madirisha.